Mkoba wa Paja la Kushoto

Sehemu ya tisa

Nyie mlionitumia meseji wiki nzima mkiuliza kama Hilaria kafa, tulieni. Hajafa. Ila koti lake lilitaka kumuua, na hilo silifichi.

Turudi palepale kwenye barabara ya vumbi ya Kasense, saa mbili asubuhi, baridi ya Julai inakata masikio. Jambazi amekaa juu ya pikipiki, injini inanguruma, mzula umemfunika uso mpaka shingoni. Hilaria anauona mkono wake wa kushoto ukishuka pajani. Unapanda na bastola. Haraka vile!

Sajenti Hilaria naye ana bastola, tena imejaa risasi. Lakini iko kiunoni, chini ya sweta, chini ya koti zito la kazi lenye vifungo vinne.

Kifungo cha kwanza kikatoka. Cha pili kikagoma.

"Sajenti, lala chini!" Koplo Stanley alipiga kelele.

Mwenyewe hakulala. Alimpita Hilaria mbio, akamrukia jambazi, akaukamata ule mzula na kuuvuta kwa nguvu zote. Ukatoka. Hilaria, aliyekuwa nyuma, aliona mgongo wa mwenzake tu. Kisha akasikia mlio.

Stanley alianguka chali, damu ikimtoka kifuani. Jambazi alivuta mafuta akatokomea bila mzula wake. Hilaria alipofanikiwa kuitoa bastola, hakukuwa na mtu wa kupiga.

Akapiga magoti kando ya Stanley. "Umemwona? Stanley, ni nani?"

"Nimemwona, dada," Stanley alisema. "Ni..."

Akafumba macho. Siku tatu hakuyafumbua.

Kwa mgeni aliyelichukua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nakwambia kwa kifupi. Tangu Mei, mtu huyo wa pikipiki ameua wachuuzi wanne wa dagaa katika njia ya Kipili kwenda Namanyere. Anawapita akiwa mbioni, anapiga, anageuza, anachukua mkoba. Na kila aliyenusurika anasema neno moja: anapiga kwa mkono wa kushoto.

Basi Inspekta Adriano, mkuu wa Hilaria na Stanley pale kituoni, alitoa amri ya ajabu. Kamateni mashoto wote!

Wee! Walikamatwa fundi cherehani na mwalimu wa chekechea. Katekista mmoja alichukuliwa kanisani akiwa ameshika kitabu cha nyimbo mkono wa kushoto, waumini wanatazama. Kinamama wakaanza kuwachapa watoto viganja. Kule Kipili, mvuvi asiye na hatia alionekana akipasua samaki kwa mkono wa kushoto, watu wakampiga mawe mpaka akafa pale pale juu ya samaki wake. Nasikia hasira nikiandika.

Hilaria na Stanley ndio walioichoka kazi ile ya kukamata mashoto. Siku ile ya Kasense walikuwa wamemtega jambazi wenyewe, bila kumwambia mkuu wao wala mtu yeyote.

Na sasa Stanley yuko kitandani. Uso wa jambazi uko kichwani mwake peke yake. Akifa, umekwenda naye.

*

Siku ya nne asubuhi, daktari alimwita Hilaria koridoni. "Amefumbua macho. Sauti bado. Mpeni mpaka kesho atasema."

Hilaria alitaka kulia kwa furaha. Alipogeuka akakutana na Jenifa, mke wa Stanley, mwanamke wa watu mwenye biashara yake ya dagaa. Jenifa hakumsalimia. Alimzaba kofi mpaka wagonjwa wakainuka vitandani.

"Mume wangu kapigwa risasi wewe unafungua vifungo!" alisema. "Umekwenda pale kufanya nini, kuvua nguo?"

Hilaria alishika shavu. "Wifi, nisamehe."

"Sitaki msamaha wako. Katafute pa kuweka hiyo bastola yako kabla hujamuua mwingine."

Maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Hilaria alimwachia nesi Faith namba yake. "Kukitokea lolote kwa Stanley, nipigie mimi kwanza," alimwambia. Kisha alipanda pikipiki ya kituo akaenda moja kwa moja sokoni, kwa mzee Wilibrodi.

Mzee Wilibrodi ni fundi ngozi. Anashona viatu, mikanda, ala za visu, hata mipira ya shule. Askari wakitaka mkoba wa bastola wa kudumu wanakwenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shavu limefanya nini?"

"Liache. Nataka mkoba wa kufunga pajani. Chini ya koti, mkono ushuke uikute bastola, basi."

Mzee alitoa mitatu akaitandaza mezani. Wa kwanza ulikuwa wa nailoni, umetoka Tunduma, mwepesi, una mifuko mingi ya kupendeza. Hilaria aliufunga, akachuchumaa, akasimama. Mkoba ukawa umezunguka nyuma ya paja, bastola inatazama makalio.

"Huo ni wa kupigia picha," mzee alisema.

Wa pili ulikuwa wa plastiki ngumu, una kitufe cha kubonyeza ili bastola iachie. Hilaria alitoa magazini, akahakikisha bastola ni tupu, akajaribu. Tak! Ikatoka vizuri. Akajaribu tena haraka. Mzee akatikisa kichwa.

"Tazama kidole chako kimeishia wapi."

Kilikuwa kwenye kifyatulio. Kidole kilekile kilichobonyeza kitufe kiliteleza moja kwa moja mpaka pale.

"Kuna askari alikuja hapa anasifia huo," mzee alisema. "Wiki ya pili akajitoboa goti. Sasa hivi anachechemea kama mbuzi aliyefungwa."

Wa tatu ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, mnene, unaning'inia kwenye mkanda wa kiuno na kukazwa pajani kwa mikanda miwili. Umekifunika kifyatulio chote. Juu una ulimi mmoja wa ngozi unaofunguliwa kwa dole gumba.

"Huu," Hilaria alisema.

"Huo nitaupunguza mikanda. Lazima nikupime." Hapo mzee Wilibrodi akakohoa, akashika utepe wa kupimia, akauweka chini. Akaushika tena. "Kristiana! Njoo hapa!"

Mkewe alitoka nyuma ya pazia akicheka. "Kashindwa kupima paja la binti wa watu. Geukia ukutani, baba."

Mzee akageukia ukutani, mzima mzima, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekosa. Mama Kristiana akapima paja la kulia la Hilaria, akakaza. Hilaria kwa mara ya kwanza tangu Kasense akacheka.

"Isiende chini sana," mzee alielekeza huku anaongea na ukuta. "Kiganja chake kikining'inia chenyewe, kiguse mpini. Ikifika gotini itampiga akikimbia."

"Ipo sawa. Kaa kwenye pikipiki yako, mwanangu, tuone."

Hilaria alikaa. Alishika usukani wa pikipiki kwa mikono yote miwili, akavuta mafuta kidogo, akajaribu kuitoa bastola. Mara tu mkono wa kulia ulipoachia, pikipiki ilizubaa, injini ikashuka. Akajaribu tena. Vilevile.

"Sasa si ndiyo nilikuwa nataka kukuuliza," mzee alisema kule ukutani. "Wewe mtu wa pikipiki, mbona unafunga kulia? Mkono wa kulia ndio wa mafuta. Ukiuachia umesimama. Au hukuelekezwa? Bosi wako alifunga kushoto."

Hilaria aliganda juu ya pikipiki.

"Bosi wangu nani?"

"Inspekta Adriano. Mwezi wa nne. Alikaa kwenye pikipiki hapohapo ulipokaa, akajaribu kama mara ishirini. Alisema ni kazi ya serikali nisiseme kwa watu, lakini wewe si watu, wewe ni mwenzake."

Mama Kristiana alimtazama Hilaria usoni, kicheko kikamwishia.

Kumbe! Miezi yote hiyo hakukuwa na mashoto yeyote. Kulikuwa na mtu wa mkono wa kulia kama mimi na wewe, ambaye mkono wake wa kulia umeshika mafuta. Na aliyeamuru mashoto wakamatwe alikuwa anajua anachofanya. Yule mvuvi wa Kipili alikufa kwa mawe ili Inspekta Adriano alale usingizi mzuri.

Simu ya Hilaria ikalia. Alikuwa nesi Faith, anahema.

"Sajenti, mbona mmemhamisha koplo haraka hivyo? Daktari hajasaini rufaa!"

"Nani kamhamisha?"

"Inspekta Adriano. Kasema anampeleka Mbeya. Kambeba kwenye gari ya kituo, anaendesha mwenyewe. Mkewe Jenifa yuko nyuma anashika dripu. Wametoka getini sasa hivi!"

Hilaria alikata simu.

"Mama, hamishia kushoto. Upesi!"

Mama Kristiana hakuuliza. Alifungua mikanda kwa meno, akaufunga mkoba paja la kushoto, akakaza mpaka Hilaria akaguna. Hilaria akarudisha magazini, akakoki, akaisukuma bastola ndani ya ngozi. Akavua lile koti akalitupa mezani.

"Utaganda kwa baridi!" mzee alisema, sasa amegeuka.

Pikipiki ilishatoka sokoni.

*

Kwenye njia panda Hilaria aliwapigia kelele vijana wa bodaboda. "Gari ya polisi imepita wapi?"

"Imekata ya Namanyere, sista! Mbio kweli!"

Mbeya ni kule. Namanyere ni huku. Hilaria alikunja, akalala juu ya tangi, akavuta mafuta yote yaliyokuwepo.

Aliiona baada ya dakika kumi na tano. Ilikuwa imeacha lami, imeingia njia ya vumbi katikati ya mashamba yaliyovunwa, hakuna nyumba, hakuna mtu. Mahali pazuri pa kumtupa mgonjwa na kusema amekufa njiani.

Adriano alimwona kwenye kioo. Mkono ulitoka dirishani na bastola. Paa!

Kioo cha pembeni cha pikipiki kilipasuka, vipande vikamchana Hilaria shavu lilelile la kofi. Damu ikaingia mdomoni. Paa! Ya pili ikapita sikioni.

Mkono wa kulia wa Hilaria ulibaki kwenye mafuta. Wa kushoto ukashuka pajani, dole gumba likasukuma ulimi wa ngozi, bastola ikaja juu. Ilikuja kama maji. Tatizo ni kwamba Hilaria hakuwahi kupiga kwa kushoto maishani mwake.

Ya kwanza ilikwenda mbinguni. Ya pili ilikwenda shambani. Ya tatu sijui. Na kule nyuma ya gari kuna Stanley na Jenifa, akikosea kidogo tu amewaua yeye. Alisogea karibu zaidi, vumbi limemjaa machoni, akashusha mkono mpaka ukawa karibu unagusa goti, akalenga tairi.

Paa!

Tairi la nyuma likapasuka. Gari ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikatoka barabarani, ikavunja mabua ya mahindi hatua hamsini na kugonga kichuguu. Kimya.

Hilaria alishika breki akiwa hajajipanga. Pikipiki ikamtupa. Alianguka kwa bega, likalia ko! ndani ya mwili, na bomba la moshi likamlalia mguu. Nyama ikaungua. Alipiga ukelele ambao hata yeye aliushangaa.

Mlango wa dereva ukafunguliwa. Inspekta Adriano akashuka. Paji la uso limepasuka, damu inamtiririkia puani, lakini anatembea. Na bastola iko mkononi, safari hii mkono wa kulia.

"Hilaria, Hilaria," alisema akija. "Mtoto mzuri wa kazi. Nilikuwa nakutafutia cheo."

Hilaria alikuwa anausukuma mguu utoke chini ya bomba. Mkono wa kulia, upande wa bega lililovunjika, hausikii kabisa. Wa kushoto bado umeshika bastola, umefunikwa na tangi la pikipiki.

"Yule mvuvi wa Kipili," alisema ili amcheleweshe. "Alikukosea nini?"

"Alikuwa mashoto," Adriano alisema. Akacheka! Akainua bastola.

Hilaria alipiga akiwa amelala, kupitia upenyo wa usukani. Risasi ilimpata Adriano kwenye goti. Goti likageuka nyuma. Alipoanguka, bastola yake ikamponyoka, Hilaria akapiga tena, ikamwingia tumboni.

Alijivuta akatoka chini ya pikipiki, ngozi ya mguu ikabaki kwenye bomba. Akamfikia. Akaipiga teke bastola ya Adriano mpaka ikapotea kwenye mabua. Halafu akampiga mwenyewe teke la mdomoni, na jingine, na jingine. Moja la mvuvi, moja la wachuuzi, moja la Stanley. Meno yakatoka. Sitamlaumu, na wewe usimlaumu.

"Inatosha," Adriano alikoroma. "Nikamate. Nitasema yote. Mahakamani nitasema yote."

"Utasema."

Hilaria aliuburuta mguu mpaka nyuma ya gari. "Stanley! Jenifa! Mko salama?"

Akafungua mlango.

Stanley alikuwa amelala kwenye machela, dripu imeng'oka, kifua kinapanda na kushuka. Yu hai! Macho yake yalikuwa wazi, yamejaa machozi, na yalikuwa hayamtazami Hilaria. Yalimtazama mkewe.

Jenifa alikuwa amekaa juu ya benchi, kitenge kimekaa sawa, hata mkwaruzo hana. Bastola ndogo aliyoishika ilikuwa imegusa kichwa cha Stanley, juu kidogo ya sikio.

"Usisogee, wifi," alisema.

Hilaria alidhani bega limemchanganya akili. "Jenifa, unafanya nini? Huyo ni mume wako."

"Ni mume wangu. Nani alikuwa anasafiri kutoka Kipili, siku gani, amebeba nini, Adriano alikuwa anaambiwa na nani? Mimi nanunua dagaa pale kila wiki, wote wananijua, wananiambia kila kitu." Alivuta pumzi. "Siku ile ya Kasense tu ndiyo Stanley hakuniambia anakokwenda. Angeniambia ningemwokoa. Naapa ningemwokoa."

"Weka chini. Bado anahitaji daktari."

"Atampata. Lakini kwanza mmalize Adriano."

Pale kwenye mabua Adriano alisikia. "Hilaria, usimsikilize! Nimejisalimisha!"

"Ameshajisalimisha," Hilaria alisema. "Hana silaha."

"Ana mdomo," Jenifa alijibu. "Mpige. Ukishampiga mtu aliyejisalimisha, hutaweza kunitaja mimi bila kujitaja wewe. Tunarudi hospitali wote watatu, wewe unaitwa shujaa, mimi nauguza mume wangu. Usipompiga, nampiga huyu halafu tutaona kati yetu nani mwepesi. Na wewe una mkono mmoja, tena wa kushoto."

Upepo ulikuwa unavuma kwenye mabua. Hilaria hakuusikia ubaridi. Alikuwa anamtazama Stanley, ambaye midomo yake ilikuwa inajaribu kutengeneza neno bila sauti. Mtu huyu aliirukia bastola kwa ajili yake. Hakufikiri, hakupima, aliruka tu.

Sajenti Hilaria alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini na hakuwahi kumwinulia mkono mahabusu. Yale mateke ya leo yalikuwa ya kwanza.

"Hilaria!" Adriano alianza kutambaa, tumbo amelishika kwa mkono. "Nina watoto! Nipeleke mahakamani, ninyongwe huko, nakuomba! Mwanangu, nakuomba!"

Hilaria aligeuka. Akamfuata, akasimama juu yake. Adriano aliinua kiganja mbele ya uso, kama vile kiganja kinazuia kitu.

Hilaria alikuwa analia alipopiga. Risasi ilipita kwenye kiganja na kuingia juu ya jicho. Inspekta Adriano akatulia katikati ya shamba la watu, mdomo wazi.

Ndani ya gari, Stanley alitoa mlio mdogo wa koo.

"Basi," Hilaria alisema. Sauti ilikuwa si yake. "Nimefanya. Toa bastola hapo, tumpeleke hospitali."

Jenifa hakuitoa. Alikuwa anamtazama mumewe kwa huruma ya kweli kabisa, mkono mwingine unampangusa machozi shavuni.

"Asante, wifi," alisema taratibu. "Lakini na huyu ameshasikia yote. Au Stanley wangu, yeye hana mdomo?"

Na kidole chake kikaanza kuvuta.